Bolti Iliyovaa Kilemba cha Kiingereza

Chukua injini ya MG TC, gari dogo la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1945 hadi 1949. Ifute grisi, iweke juu ya meza, kisha chagua mojawapo ya bolti nyembamba zilizoizunguka. Spana ya Whitworth yenye alama ya 1/4 itakaa kichwani mwake bila kucheza. Basi utasema, na ni haki yako kusema, kwamba hii ni bolti ya Kiingereza. Ifungue. Sasa tafuta nati ya Kiingereza ya unene huohuo, inchi 5/16, yenye hesi nyembamba, uizungushe kwa vidole juu ya bolti ile. Itakwenda mzunguko mmoja, wa pili, labda wa tatu kwa manung'uniko, kisha itagoma. Fundi mwenye haraka huchukua spana hapo, akauma meno na kuvuta. Dakika moja baadaye hesi imekufa.

Waswahili husema mtu amevishwa kilemba cha ukoka anaposifiwa kwa asichokuwa nacho. Bolti hii imevishwa kilemba cha chuma, nacho kinadanganya vilevile. Kichwa ni cha Mwingereza. Mwili, kuanzia shingoni kushuka chini, ni wa Mfaransa, wenye vipimo vya milimita. Wapenzi wa magari ya MG wameipa hesi hiyo jina la utani: metriki ya wendawazimu. Jina linachekesha, ila linawaonea watu. Hakuna mwendawazimu katika kisa hiki. Kila aliyeamua jambo aliamua kwa akili timamu, akitazama mashine zilizokuwa mbele yake na pesa zilizokuwa mfukoni. Ukizijumlisha akili zote hizo timamu, jumla yake ndiyo hii bolti isiyokubali nati.

Kabla ya 1841 hata kuuliza bolti fulani ni ya hesi gani hakukuwa na maana. Kila karakana ya Uingereza ilikata hesi kwa namna yake. Nati ilitengenezewa bolti yake, zikafungwa pamoja kama chungu na kifuniko. Zikimwagika na kuchanganyika sakafuni, fundi alipoteza asubuhi nzima akizijaribisha moja moja. Henry Maudslay wa London, ambaye mwishoni mwa karne ya 18 alitengeneza mashine ya kukereza hesi kwa usahihi, alikuwa amekwisha kuweka utaratibu ndani ya karakana yake, lakini utaratibu huo uliishia mlangoni kwake.

Joseph Whitworth, mzaliwa wa Stockport, 1803, alipita katika karakana hiyo akiwa kijana, kisha akaenda kufungua yake Manchester mwaka 1833. Alichokifanya baadaye kinaitwa uvumbuzi, ila mimi naona ni ukusanyaji. Aliomba bolti kutoka karakana kubwa kubwa za nchi, akazipima, akatafuta wastani. Pembe ya jino ikatokea kuwa digrii 55. Idadi ya meno katika kila inchi akaipanga kwenye jedwali kufuatana na unene wa bolti, na ncha za meno pamoja na mabonde yake akayafanya mviringo. Mwaka 1841 akalisoma pendekezo lake London, mbele ya chama cha wahandisi. Wastani huo ndio ulioliokoa pendekezo. Angechagua hesi ya karakana moja, nyingine zote zingenuna. Kwa wastani, kila mmoja alipoteza kidogo na hakuna aliyeshinda, hivyo hakukuwa na wa kuonewa wivu. Kampuni za reli zikaipokea, wajenzi wa meli wakaipokea. Husimuliwa kwamba wakati wa Vita vya Crimea jeshi la wanamaji lilitaka injini za boti 90 kwa siku 90, na likazipata, kwa sababu kazi iliweza kugawanywa kati ya karakana zilizokuwa zimekwisha kukata hesi moja.

Whitworth alituachia na jambo moja la kusumbua. Spana za mfumo wake hazikuandikwa upana wa kichwa cha bolti. Ziliandikwa unene wa mwili wake. Spana yenye alama ya 1/4 ni ya bolti yenye unene wa robo inchi, lakini mdomo wake una upana wa inchi 0.525, sawa na milimita 13.3. Aliyezoea spana namba 13 au namba 17, ambazo husema upana wao waziwazi, akikutana na seti ya Whitworth hudhani aliyepiga chapa alikuwa amelewa.

Marekani haikufuata. Mwaka 1864, huko Philadelphia, William Sellers aliwaeleza wenzake wa Taasisi ya Franklin kwamba pembe ya digrii 55 ni taabu kuikata na taabu zaidi kuihakiki, na kwamba ncha za mviringo zinataka vifaa ambavyo karakana ndogo haina. Yeye alileta digrii 60, pembe ambayo mtoto wa shule mwenye bikari anaweza kuichora, na ncha bapa. Kwa saizi nyingi idadi ya meno kwa inchi ilibaki ileile ya Whitworth, ila kwenye nusu inchi Whitworth alikuwa na meno 12 na Sellers akaweka 13. Ndiyo maana hadi leo bolti ya Kimarekani ya robo inchi huingia katika nati ya Whitworth na kukaa kama imezaliwa humo, huku dada yake wa nusu inchi akikataa.

Magari yalipokuja na mitetemo yake, Waingereza wenyewe waliona meno ya Whitworth ni mapana mno na yanalegea upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaongeza hesi nyembamba, BSF, yenye pembe ileile ya 55 lakini meno mengi zaidi kwa inchi. Skrubu ndogo ndogo za vyombo vya umeme nazo zilikuwa zimekwisha kupata ukoo wao tangu 1884, BA, wenye pembe ya digrii 47.5. Cha ajabu, huo ukoo wa Kiingereza chimbuko lake ni Uswisi na hesabu zake ni za milimita: namba 0 ina unene wa milimita 6 na hatua ya milimita 1. Hatua ni umbali kutoka ncha ya jino moja hadi ncha ya jirani yake. Neno hili tutalihitaji sana huko mbele.

Bara la Ulaya lilikwenda na mita. Mwaka 1898 wahandisi walikutana Zurich wakakubaliana juu ya hesi ya metriki ya kimataifa, pembe ya digrii 60. Bolti ya milimita 8 ilipewa hatua ya milimita 1.25, na hiyo ndiyo hatua ya kawaida mpaka leo katika magari yaliyopo barabarani. Lakini Wafaransa walikuwa na jedwali lao la zamani kidogo kuliko Zurich, na humo bolti ya milimita 8 ilikuwa na hatua ya milimita 1 kamili. Baadhi ya viwanda vyao havikuona sababu ya kuiacha. Iweke kichwani namba hiyo: 8 kwa 1.

Benjamin Hotchkiss alikuwa Mmarekani wa Connecticut aliyehamia Ufaransa kutengeneza silaha, na kiwanda chake kikaota mizizi Saint-Denis, nje kidogo ya Paris. Alifariki 1885, ila jina lake liliendelea kupigwa chapa kwenye mizinga na bombomu duniani kote. Hata Ziwa Tanganyika linalifahamu. Zile boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye treni na kuburutwa milimani ndani ya Kongo mpaka ziwani, kila moja ilikuwa na mzinga wa Hotchkiss kwa mbele. Na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani ya Wajerumani.

Mwaka mmoja na miezi kabla ya siku hiyo, jeshi la Wajerumani lilikuwa limesogea hadi karibu na Paris. Saint-Denis ikaonekana mahali pabaya pa kuwekea kiwanda cha silaha. Kampuni ikavuka bahari na kufungua tawi Coventry, mji wa baiskeli, pikipiki na magari, katika mtaa wa Gosford, ikaanza kutoa bombomu kwa ajili ya vita. Pamoja na jina, vilivuka pia michoro, geji, tapu na dai za kukatia hesi, na mazoea, vyote kwa milimita. Vita havikuwa na muda wa kutafsiri mchoro.

Novemba 1918 bunduki zikanyamaza. Kiwanda cha mtaa wa Gosford kikabaki na mashine nzuri, mafundi wenye mikono mizuri, bila hata oda moja.

Huko Oxford alikuwako mtu mwenye shida ya kinyume. William Morris alianza kwa kutengeneza baiskeli, akapanda hadi magari, na siri yake ilikuwa kutotengeneza kitu ambacho mwingine anaweza kumtengenezea kwa bei nzuri. Injini alinunua kwa huyu, ekseli kwa yule, bodi kwa mwingine, yeye akaviunganisha Cowley, kando ya Oxford. Gari lake la kwanza, Morris Oxford la 1913, lilikuwa na injini ya White & Poppe wa Coventry. Alipotaka gari kubwa zaidi na la bei nafuu, mwaka 1914 alikwenda Marekani, na Detroit akakuta kampuni ya Continental inaweza kumuuzia injini kwa bei ambayo hakuna Mwingereza angeigusa. Morris Cowley la 1915 likatoka na moyo wa Kimarekani. Ndipo serikali ya Uingereza ikaweka ushuru wa theluthi nzima ya thamani kwa magari na vipuri vya nje, bahari ikajaa nyambizi, na Continental wenyewe, ambao soko la nyumbani halikutaka injini ndogo namna hiyo, wakaacha kuitengeneza.

Kwa hiyo 1919 kulikuwa na kiwanda kisicho na kazi na mtengeneza magari asiye na injini, na kati yao umbali wa safari ya asubuhi moja. Hotchkiss walipewa injini ya Continental waiige. Hawakuiiga neno kwa neno. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 69 na mwendo wa pistoni 100; wao wakafanya 69.5 na 102, ikawa injini ya sentimita za ujazo 1,548. Nazo hesi zote za inchi za Detroit wakaziandika upya kwa milimita.

Hapa ndipo watu hutikisa kichwa. Kwa nini wasikate hesi za Kiingereza, maadamu wako Uingereza na gari ni la Mwingereza? Anayeuliza hivyo hajawahi kulipia vifaa vya karakana. Kubadili hesi si kubadili bolti. Ni kununua upya kila tapu na kila dai, kila geji ya kuhakikia tundu na kila geji ya kuhakikia bolti, kubadilisha giya na parafujo kuu za mashine za kukerezea, kuchora upya michoro, na kumfundisha upya mtu ambaye kwa miaka minne vidole vyake vimezoea kitu kingine. Kiwanda kilichokuwa kinatafuta kazi ya kula hakikuwa na fedha za anasa hiyo.

Lakini Morris naye alikuwa na lake. Gari lake lingeharibika Norwich au Inverness, na fundi wa huko alikuwa na mkoba mmoja tu wa spana, za Whitworth. Akikuta kichwa cha milimita, angeliita gari hilo takataka na kumwambia mteja hivyo. Basi sharti likawa kwamba vichwa vya bolti na nati zote vilingane na spana za Kiingereza. Hotchkiss hawakuwa na tatizo na hilo. Kichwa hukatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma yenye pembe sita, na fimbo hiyo Coventry ilipatikana kwa saizi za Kiingereza bila gharama ya ziada. Milimita 8 na inchi 5/16 vimepishana kwa sehemu sita tu za mia moja za milimita. Kichwa cha BSF cha 5/16, ambacho ni spana ileile yenye alama ya 1/4 Whitworth, kikakaa juu ya mwili wa 8 kwa 1 kama kilichozaliwa nao.

Nasema tena, hapo sioni wazimu. Naona watu wawili waliopatana bila kukutana nusu njia: mmoja alichukua kichwa chote, mwingine mwili wote.

Magari ya Morris yakauzwa kuliko alivyotarajia hata yeye. Hotchkiss wakashindwa kwenda na kasi yake, kwani injini 300 kwa wiki zilikuwa tayari zinawatoa jasho. Mwaka 1923 Morris akakinunua kiwanda, akakiita Morris Engines na kumweka Frank Woollard akiendeshe. Woollard anastahili historia yake peke yake. Alipanga mashine kwa mfuatano wa kazi, akajenga mashine ndefu ambayo bloku la silinda liliingia upande mmoja likiwa chuma kibichi na kusogezwa kutoka kituo hadi kituo, na kufikia mwisho wa 1924 mtaa wa Gosford ulikuwa unatoa injini 1,200 kwa wiki.

Kwa kila injini iliyotoka, mlango wa kubadili hesi ulizidi kufungwa. Injini 1,200 kwa wiki ni maelfu ya matundu ya milimita yanayotawanyika nchi nzima, na kila tundu litahitaji kipuri kesho. Wamiliki walikuwa Waingereza, jengo la Kiingereza, jina la Hotchkiss limefutwa ukutani, na bado tapu zilizonunuliwa mpya zilikuwa za 8 kwa 1. Mwaka 1937 MG, kampuni iliyokuwa mikononi mwa Morris, walipotoa gari lao la VA, kipenyo na mwendo wake vilikuwa bado 69.5 na 102, vilevile kama vya 1919. Kiwanda nacho hurithisha.

Injini maarufu kuliko zote za ukoo huo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1930: XPAG, ya sentimita za ujazo 1,250, kipenyo 66.5 na mwendo 90. Iliingia katika MG TB mwaka 1939, ikasubiri vita vipite, kisha ikaendesha TC, TD na TF. Anayefungua TC hukuta koo tatu chini ya paa moja. Fremu yake imefungwa kwa BSF, kwa kuwa ilitengenezwa na watu wengine. Vyombo vya umeme vya Lucas vina skrubu za BA. Injini ni Mfaransa aliyevaa kofia. TC zipatazo 2,000 zilivuka hadi Marekani, na fundi wa huko, mwenye spana za inchi zinazotaja upana wa kichwa, alikuta ile ya 1/2 haiingii na ile ya 9/16 inazunguka tu na kulainisha pembe. Tena hapo alikuwa hajafika kwenye hesi.

Tufike sasa kwenye meza ya kazi, kwa kuwa historia yote hii mtu huijua kwa sababu ana bolti mkononi na hajui ni ya nani.

Kwanza iogeshe kwa mafuta ya taa na burashi ya waya. Uchafu wa miaka 70 uliokaukia bondeni humdanganya mtu kuliko kilemba. Pima unene kwa kalipa, lakini usikiamini sana kipimo hicho. Kikisoma 7.9 bado una washukiwa watano: Whitworth ya 5/16, BSF ya 5/16, hesi nyembamba ya Kimarekani ya 5/16, metriki ya kawaida ya 8, na 8 kwa 1 ya Coventry. Ncha za meno zilizolika zimewafanya wote wafanane.

Kinachowatenganisha ni hatua. Whitworth ina meno 18 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 1.41, na jicho tu hutosha kuona kwamba ni pana. Metriki ya kawaida ni 1.25. BSF ina meno 22, ambayo ni hatua ya 1.15. Nyembamba ya Kimarekani ina 24, sawa na 1.06. Ya Coventry ni 1 kamili. Mwenye geji ya hesi, ile yenye majani mengi ya chuma kama feni, ataweka jani moja baada ya jingine na kuinua bolti mbele ya mwanga. Jani sahihi halipitishi hata uzi wa nuru. Asiye na geji asikate tamaa. Karibu kila gari la Kijapani lina bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, na hatua yake ni milimita 1 kamili. Ilaze ubavuni mwa bolti ya shaka, meno ndani ya meno. Zikikaa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuyumba, umempata Mfaransa wako, na Toyota ndiyo imetoa ushahidi.

Baada ya hapo ndipo utazame kichwa, tena kwa tahadhari. Mduara uliochimbwa juu yake, au vimiduara vitatu vilivyoshikana ubavuni, ni alama ya hesi ya pamoja ya baada ya vita, ambayo tutaifikia sasa hivi. Mistari iliyochorwa kama miale ya jua huelekea Marekani. Namba kama 8.8 ni metriki ya kisasa. Na kichwa cha milimita 13.3 kisicho na alama yoyote juu ya injini ya Morris au MG ya zamani hakikuambii lolote mpaka umeuliza mwili.

Kosa la kuogopa zaidi si lile nililoanza nalo. BSF ikiingizwa kwenye tundu la 8 kwa 1 hugoma mapema, kwani kila jino limepishana na mwenzake kwa milimita 0.15 na kufikia jino la tatu tofauti ni karibu nusu ya jino. Mkono unasikia. Lakini nyembamba ya Kimarekani imepishana kwa 0.06 tu. Itakwenda meno sita, saba, manane kwa ulaini wa kushawishi, na ikianza kukaza fundi atadhani imefika mwisho. Kwenye chuma cha bloku pengine itang'ang'ana. Kwenye sampu ya TC, ambayo ni ya alumini, itajikatia njia yake yenyewe kimyakimya, na siku ya kufungua itatoka na hesi imejiviringisha kama unyoya wa kuku.

Vita vya pili ndivyo vilivyoumaliza ukoo huu, kama vya kwanza vilivyouanzisha. Mwaka 1940 Packard wa Detroit (ndiyo, Detroit tena) walikubali kutengeneza injini ya ndege ya Merlin ya Rolls-Royce. Kila hesi katika michoro ilikuwa ya Kiingereza: Whitworth, BSF, BA na hesi za mabomba. Marekani nzima hakukuwa na wa kuwauzia tapu na dai za kutosha za namna hiyo. Wangeweza kubadili hesi ziwe zao, lakini injini ya Detroit ingekuwa haikubali kipuri cha Derby, nyumbani kwa Rolls-Royce, na kule kwenye viwanja vya ndege nani angekuwa na nafasi ya kutenganisha? Packard wakatengeneza vifaa wenyewe na kukata Whitworth, hesi ambayo Sellers aliikataa miaka 76 nyuma.

Somo hilo lilikuwa ghali, na tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini Washington kukubali hesi moja ya pamoja. Pembe ikawa digrii 60 na inchi ikabaki. Austin wakaichukua upesi. Mwaka 1952 Austin na Morris wakaunganishwa kuwa kampuni moja, na injini za Austin zikaanza kuingia katika magari ya Morris. Morris Minor, ambayo enzi za ukoloni iliendeshwa sana Nairobi na Dar es Salaam, ni shahidi mzuri: zile za kwanza, za 1948, zina injini ya Coventry ya sentimita za ujazo 918 yenye mwili wa milimita na vichwa vya Whitworth, zilizofuata zina injini ya Austin ya 803 na hesi ya pamoja. Gari ni lilelile machoni, na aliyenunua kipuri kwa kutazama bodi aliumia. XPAG iliponea katika Wolseley 4/44 hadi 1956, kisha basi.

Magari hayo huku kwetu yaliangukia mikononi mwa mafundi waliokuwa wakifungua Land Rover asubuhi, Peugeot mchana na Volkswagen jioni. Spana namba 13 haiingii kwenye kichwa cha 13.3, namba 14 inalegea, kwa hiyo kazi ikaangukia spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, isiyokataa nati ya mtu. Vichwa vingi vilivyolainika pembe hadi kuwa mviringo kwenye injini hizo vililainishwa nayo, wala simlaumu aliyeishika.

Jengo la mtaa wa Gosford bado lipo, sehemu ya Chuo Kikuu cha Coventry, nalo linaitwa kwa jina la William Morris. Na bolti yenyewe imepatwa na kisa cha mwisho ambacho mwaka 1919 kisingeaminika. Hatua ya milimita 1 kwenye bolti ya milimita 8 siku hizi ni kipimo halali cha metriki nyembamba. Tapu yake huuzwa na yeyote mwenye duka zuri la vifaa, na bolti zake zimo kwenye makatalogi. Yule mgeni Mfaransa, aliyefichwa chini ya kilemba asije akawatisha mafundi wa Norwich, sasa ni mwenyeji kila mahali. Kilichoadimika ni kilemba. Bolti mpya ya 8 kwa 1 huja na kichwa cha milimita 13, huingia kwenye bloku la TC bila ubishi, na huonekana kwa mbali kwamba si ya pale. Mwenye gari anayetaka liwe kama lilivyotoka Abingdon humpelekea fundi wa kukereza fimbo ya chuma yenye pembe sita, upana wa inchi 0.525, amkatie upya, moja baada ya nyingine, kichwa cha Kiingereza kwa juu na milimita kwa chini.